Aliyelitaka Shavu Langu

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, pale Kwa Mathias, hapa Kibaha, magari yakipita na watu wakinunua mahitaji yao karibu kabisa na nilipokuwa nimelala. Ukimsikia mtu anasema mambo ya namna hii hutokea gizani tu, mwambie kuna mama Kibaha anabisha.

Binti yangu alikuwa anaolewa. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na mbili, kazi yangu ya ofisini iko Dar, naenda na kurudi kila siku, na jua na vumbi vilikuwa vimeshanichora usoni. Makunyanzi chini ya macho, mistari pembeni mwa mdomo, mashavu yameanza kulegea. Nilitaka siku ya mwanangu na mimi nionekane. Je, ni kosa hilo? Nikaenda kwa dada mmoja, tumwite Rehema, mwenye chumba cha kutunza ngozi nyuma ya maduka. Kwake hakuna kisu wala kushonwa. Unasafishwa uso, unapigwa mvuke, unapakwa dawa ya ganzi, kisha anakupitishia rola ndogo yenye visindano ili ngozi ijitengeneze upya. Nilishafanya mara moja na nilipendeza, sikufichi.

Siku hiyo kitanda cha pili kilikuwa na mtu. Bibi mwembamba, kalala chali, kajifunika khanga, uso wote uko chini ya taulo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Sauti ya kizee, nzuri tu. Akaniambia katoka Vihingo. Nikafurahi, maana mama yangu ni mtu wa Msimbu, wilaya hiyo hiyo, tukaulizana habari za mvua na mihogo. Rehema akanipaka ile dawa, akasema, "Mama, tulia kidogo ishike. Naanua taulo hapo nyuma, narudi sasa hivi."

Akatoka. Uso ukafa ganzi, mdomo ukawa mzito.

"Mwanangu," bibi akaniita, "una miaka mingapi?"

Nikamwambia.

"Bado inafaa."

"Nini hiyo, bibi?"

Nikasikia kitanda chake kikilia. Nilipofumbua macho alikuwa amesimama juu yangu bila taulo. Naomba uniamini. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa wa msichana, laini, unang'aa. Paji la uso lilikuwa la mtu mwingine, jeusi zaidi. Kidevu nacho cha mwingine. Na shavu la kushoto halikuwepo kabisa. Ilikuwa nyama mbichi tupu, meno yanaonekana mpaka magego.

Akanirukia kifuani. Mkono mmoja ukanikaba koo, mwingine ukazamisha kucha chini ya sikio langu la kushoto, akaanza kuvuta. Sikupata maumivu, kwa sababu ya ile ganzi, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nilisikia mlio tu, kama kitambaa kinachanwa, na damu ya vuguvugu ikinijaa sikioni. Unajua ilivyo kuchunwa huku unatazama? Nikampiga ngumi za mbavu, hakutikisika. Nikamuuma mkono mpaka meno yakagonga mfupa. Akacheka, akaendelea kuvuta.

Nikapapasa mezani, nikaipata rola. Nikamkandamiza nayo jichoni na kuisokota kwa nguvu zangu zote. Hapo akapiga ukelele, na wallahi haikuwa sauti moja, zilikuwa sauti za wanawake wengi kwa pamoja. Rehema akaingia mbio. Aliinyakua mashine ya mvuke, bado ina maji ya moto, akampasua nayo kichwani. Bibi akaanguka. Rehema akampiga tena na tena, huku analia, "Bismillahi! Bismillahi!" mpaka damu ikaruka ukutani.

Yule kiumbe akajiburuta hadi mlangoni, kafumbata kitu mkononi. Akainuka, akajitanda khanga kichwani, akatoka. Tulipomuuliza mama anayekaanga mihogo pale nje, akasema, "Kapita bibi mmoja hapa, kanisalimia vizuri tu. Kwani kuna nini?"

Hospitali waliniuliza kama nimeumwa na mbwa. Nikasema ndiyo. Ungesema nini wewe? Jeraha lilipona, lakini ngozi iliyoota pale ni ya ajuza, kavu, imekunjamana, inaning'inia. Nilimuoza mwanangu nikiwa nimejifunika mtandio, na kwenye picha zote nimegeuza uso. Rehema alifunga kile chumba. Siku hizi anauza vitenge, na uso wa mtu hagusi.

Nilidhani yamekwisha. Mwaka jana nikaenda msibani Msimbu. Kati ya wanawake waliokaa mkekani wakichambua mchele, alikuwepo mmoja, jicho moja bovu, na kwenye shavu la kushoto ana kovu dogo la mviringo. Kovu lile ni langu. Nililipata utotoni, mafuta ya maandazi yaliponirukia. Nimeliona kwenye kioo maisha yangu yote, nitalisahau vipi?

Akainua uso, akanitazama kwa upole kabisa.

"Mwanangu," akasema, "la kulia bado unalo."

Sikungoja mazishi. Tangu siku ile nalalia ubavu wa kulia, shavu nimelibana kwenye mto, na mume wangu hulala upande wa mlangoni.

Sikwambii usitunze ngozi yako. Tunza, ni haki yako. Lakini ukifika huko ukakuta kitanda cha pili kina mtu ambaye hujamwona uso, usikubali kupakwa ganzi, hata akikusalimia vizuri namna gani. Vaa viatu vyako uondoke.