Kidole cha Ardhi Kwenye Ramani ya Mjerumani

Wenzangu mliokwenda shule pekupeku, kibao cha kuandikia kwapani na michembe ya viazi imefungwa kwenye pindo la gauni, haya nayasema kwa ajili yenu. Mimi nimeishia darasa la nne na sioni haya. Katika miaka hiyo minne nilijifunza kitu kimoja barabara, kusoma ramani ya kale ya pwani ya ziwa letu kubwa, na siku ilifika nikamtafuta baba yangu humo.

Ramani ilikuwa ya Mwalimu Lukas, mwalimu wetu pekee, mwembamba kama mpini, kaptula yake imepigwa pasi mpaka inakata. Aliiokota stoo ya misheni, imechorwa enzi ya Mjerumani, imegandishwa kitambaa nyuma, na kona moja mende walishaifanya chakula. Ukuta wa darasa ulikuwa wa udongo, msumari haukai. Kwa hiyo aliitandika uwanjani kama ngozi ya ng'ombe, mawe manne juu yake, halafu akaizungusha mpaka kaskazini ya kwenye karatasi ikaangalia kaskazini yenyewe. Hapo sisi watoto wa wachungaji tukaelewa bila kuchapwa. Msukuma hata ukimwamsha usingizini ukamuuliza kiya, atakuonyesha mashariki kwa kidevu. Tukalala kifudifudi kuizunguka, matumbo kwenye vumbi, tukaanza kutembea na vidole.

Na ilikuwa na mambo! Milima imechorwa kwa mistari midogomidogo, utadhani viwavi wamelala. Matope ya kando ya ziwa yamewekewa vishungi vya nyasi. Kona ya juu kuna nyota kubwa ya kuonyesha pande za dunia, na chini yake jahazi dogo ambalo nadhani mchoraji aliliweka kwa kujifurahisha tu. Mle majini kumejaa namba. Mimi nilisema ni hesabu ya watu waliozama. Darasa zima likakubali, tena tukawaonea huruma walioandikwa arobaini. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

"Kabula, hizo ni namba za kina cha maji. Palipoandikwa moja, mimi nikisimama maji yananifika kifuani. Palipoandikwa arobaini, usiende hata kwa kutumwa."

Kwetu maji tuliyachimba mchangani, kwenye mto mkavu, tunachota kwa kibuyu kimoja kimoja. Mtoto wa hivyo ukimwonyesha karatasi yenye bluu kutoka huku mpaka kule, haishibi. Wenzangu walicheza kombolela wakati wa mapumziko, mimi nilibaki na viwavi vyangu. Nyumbani ni ugali wa mtama, nsansa, yale majani makavu ya kunde, iliyopikwa kwa karanga, na maziwa ya mgando siku ya bahati. Wajukuu zangu hapa mtaani Ngokolo ukiwawekea nsansa wanakunja uso kama wamepewa dawa ya minyoo. Halafu wanashangaa kwa nini wanachoka kupanda ngazi.

Sasa nikaja darasa la tatu, na mwaka huo jua likatuchoma. Ngitili yetu, ile sehemu ya nyasi tuliyoizungushia miiba ili itusaidie kiangazi, ililiwa ikaisha. Ng'ombe wakabaki mbavu. Baba, Masanja jina lake, akakata shauri kuwapeleka ziwani, upande wa Geita. Asubuhi ya safari alinichorea mahali penyewe kwa fimbo, mbele ya zizi.

"Ardhi inaingia ziwani kama kidole," akasema. "Kwenye ncha kuna mlima mmoja una nyasi mwaka mzima. Shingo yake ni nyembamba. Nikilala pale shingoni, ng'ombe thelathini hawana pa kupita. Ni zizi alilojenga Mungu."

Akaondoka. Baada ya miezi mitatu mvua ikaja, na mnaikumbuka mvua ile ya mwanzoni mwa uhuru, ilinyesha kama imekatazwa ikakasirika. Wachungaji wengine wakarudi na mifugo yao. Baba hakurudi. Ukapita mwezi, ukapita wa pili. Hakuna barua, hakuna salamu, hakuna aliyemwona njiani.

Mdogo wake baba, baba mdogo Luhende, akaanza kuja kwetu kila siku. Kwanza alikuja kutupa pole. Baadaye akaja kuhesabu mbuzi. Mwishowe akamwambia mama waziwazi, "Shemeji, kaka ameliwa na maji au na mamba. Mwezi ukiandama tunaweka matanga, na nyumba hii naichukua mimi pamoja na wewe. Ndiyo desturi."

Mama alikuwa anapepeta mtama. Hakusimama. "Luhende, mimi si jembe la kurithiwa. Niletee fupa lake kwanza."

Lakini usoni niliona ameanza kuamini. Wazee walikuwa upande wa Luhende, na matanga yakishawekwa, hata mtu akirudi na miguu yake ataitwa mzuka.

Kesho yake nikamwomba Mwalimu atandike ramani. Nilikuwa nimeshavihesabu vidole vyote vya upande wa Geita, vilikuwa vitatu. Kimoja hakina kiwavi hata kimoja, kitambarare. Cha pili kina viwavi shinani. Cha tatu kina kiwavi kimoja tu, kwenye ncha. Nikaweka kidole changu juu ya kile kidole. Shingo yake imejaa vile vishungi vya matope, na majini, huku na huku, imeandikwa moja na moja.

Dereva wa lori la pamba alikuwa ametuambia wiki ile kwamba ziwa limefura, limemeza migomba na nyumba za watu. Nikamuuliza Mwalimu, "Maji yakipanda, si shingo ndiyo inazama kwanza?"

Akainama kuitazama ile shingo. "Inazama."

"Na mlima?"

"Mlima unabaki. Lakini Kabula, ramani hii imemzidi baba yako umri."

"Milima haihami, Mwalimu."

Akakuna kichwa, akachukua karatasi ya kufungia sukari, akaipaka mafuta ya taa ionyeshe, akakinakili kile kidole pamoja na kiwavi chake. Nikaipeleka kwa mama. Nikamweleza kwamba baba hajafa, amefungiwa. Maji yamekata njia, na Masanja hawezi kuacha ng'ombe thelathini nyuma aje kutusalimia. Hilo la mwisho ndilo lililomwamsha mama. Aliuza mbuzi wawili kabla Luhende hajaamka, tukapanda lori la pamba kwenda Kahama, na kutoka Kahama tukapanda lingine kwenda Geita. Tulikaa juu ya marobota, vumbi limetupaka mpaka tukawa rangi moja. Kutoka Geita tulikwenda kwa miguu siku mbili.

Tulipofika ziwani, hakuna kidole. Ninawaambia ukweli, hakuna. Karatasi inaonyesha ardhi, macho yanaona maji, na katikati ya maji kisiwa. Mama akakaa chini, akavua kitambaa kichwani.

"Umenileta huku kote kuja kuoga?"

Nilitaka kulia. Nikaishika karatasi kama Mwalimu alivyotufundisha, nikaizungusha mpaka kaskazini ikakaa kaskazini. Kile kisiwa kikakaa juu ya kiwavi changu sawasawa, kama mfuniko na chungu.

Nikamwendea mvuvi aliyekuwa anashona wavu. "Mwangaluka, baba. Kule kwenye mlima kuna mtu?"

"Kule? Kuna mzee wa ng'ombe. Kichwa kigumu! Tumemwambia avuke mara ngapi, anasema hapandi mtumbwi ambao ng'ombe wake hawaingii. Tunampelekea unga, anatupa maziwa. Salamu zake tulimpa mchuuzi wa dagaa aende nazo Kahama."

Hizo salamu nadhani mpaka leo ziko njiani na dagaa wake.

Mama alipanda mtumbwi akiwa hajawahi kukanyaga maji yanayozidi magoti. Baba alitupokea amekonda, ndevu mpaka kifuani, ng'ombe wamenenepa wanang'aa. Neno lake la kwanza kwa mke wake, baada ya miezi yote ile: "Mbuzi umemwachia nani?"

Mama akampiga na kile kitambaa cha kichwa. Alimpiga sana. Halafu akakaa chini akacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikawageuzia mgongo, kwa sababu enzi zetu mtoto alijua wakati wa kugeuka.

Kidole changu kilifanya kazi nyingine. Niliwaonyesha wavuvi kwenye karatasi zile namba moja na moja, nikawaambia ng'ombe wapite juu ya shingo ileile, kwa chini bado ipo. Mchana wa jua kali mitumbwi mitano ikajipanga pande mbili, watu wanapiga maji kwa makasia kufukuza mamba, baba mbele anaimba kumwita fahali wake. Sehemu kubwa walitembea, pa katikati wakaogelea. Tulipoteza ndama mmoja. Ishirini na tisa walifika.

Tukarudi kwa miguu na kundi zima, nikawa ninachunga mkia. Tuliingia kijijini siku yenyewe ya matanga, pombe ya mtama imeiva na Luhende amevaa shati jipya. Wanawake walikimbia wakipiga mayowe. Baba akaomba kibuyu, akanywa pombe ya msiba wake, akafuta ndevu.

"Luhende, mdogo wangu, umeipika vizuri. Ukifa wewe nitajitahidi yako ifikie hii."

Sasa watu wa ziwani mnasema maji yanapanda na kushuka yapendavyo, na watoto wenu wanaona mahali popote duniani kwenye kioo cha simu. Ni jambo jema, sikatai. Lakini jirani yangu Mama Neema ana mume machimboni Rwamgasa, kulekule Geita, mwaka wa pili huu hajaja. Kila jioni ananiletea simu nimwone mumewe kwenye ramani, kidoa cha bluu, kimetulia palepale. "Si huyu hapa, bibi," ananiambia, "yuko salama." Anakitazama kile kidoa, anazima, anakwenda kulala. Enzi zetu hatukuwa na kidoa. Tulikuwa na karatasi ya sukari iliyopakwa mafuta ya taa, na aliyetaka kumwona mtu wake alipanda lori.

Juzi nimemwambia afungashe nguo. Basi la Kahama linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, na magoti yangu bado yanapanda ngazi ya basi. Tunakwenda wawili.