Usukani wa Kwendea Lubudi

Fundi baiskeli wa sokoni Kolwezi hakumwonyesha mteja usukani kabla ya kumtazama viganja. Masudi, mchuuzi aliyepeleka vitenge kwa baiskeli hadi mji wa mbali wa Lubudi, alitaka ule wa mashindano, uliopinda chini. Fundi alimminya vidole kimoja kimoja, kama anayechagua nyanya.

"Ukifika Lubudi, unaweza kufungula kamba ya muzigo?"

"Hapana, tata," Masudi akajibu, kama anayemjibu baba yake. "Bidole binakufaka ganzi. Batu ndio banafungulaka."

"Funga macho, citoyen," fundi akamwita kwa heshima, raia kwa raia. "Nyoosha mikono sawa vile mutu mwenye kuchoka."

Viwiko vya Masudi vikashuka hadi mbavuni. Fundi akapima kwa shubiri, akapekua rundo lake, akaguna. Kisha akaiendea baiskeli yake mwenyewe, akaung'oa usukani wake mpana, uliorudi nyuma kama pembe za ng'ombe.

"Na weye, tata?"

"Mi siendake tena mbali," fundi akasema, akikaza nati za usukani ule kwenye baiskeli ya Masudi.