Macho ya Bonge

Wifi yangu ni fundi cherehani, na ana ugonjwa wa kupima kila kitu. Hujakaa vizuri kwake, tayari kakupima mabega kwa macho. Alipojifungua kabla ya wakati, mwanawe alilazwa wiki nyingi kwenye mashine ya joto, na nguo zote alizomshonea zilimmeza. Siku waliyoruhusiwa nilimpakata yule mtoto nikaogopa hata kupumua.

Muuguzi wa wodi alimsisitiza amrudishe hospitali kubwa, kliniki ya macho. Watoto wa aina hii, alisema, mishipa ya ndani ya jicho inaweza kukua ovyo, na ikianza haimsubiri mtu. Wifi aliitikia. Lakini zahanati ilikuwa jirani, na pale mtoto alipimwa uzito, akachanjwa, akasifiwa. Kwa wifi, mtoto akishapimwa amepimwa. Akirudi nyumbani anamzungushia utepe kifuani, anaachia mishono ya nguo, huku anacheka peke yake. Mama yangu mzazi, mkwe wake, akampachika mjukuu jina la Bonge.

"Mtoto kanona hivi, hospitali kubwa unafuata nini?" alisema. "Umletee kikohozi cha watu?"

Na mama akishasema, nyumba nzima imesema.

Nilikuwepo dukani kwa wifi siku yule muuguzi alipoleta sare yake ipunguzwe kiuno. Alimchungulia Bonge, akafurahi, kisha akauliza kliniki ya macho walisemaje.

"Hana shida, sista. Zahanati wanamsifu kweli."

"Zahanati walimtia matone wakamwangalia ndani ya macho?"

Wifi akaushika utepe uliomning'inia shingoni.

"Funga duka, mama," muuguzi akamwambia. " Twende sasa hivi. Sare itasubiri."

Tulikwenda wote. Walipomulika macho yake kwa taa, Bonge alilia mpaka sauti ikamkauka. Daktari hakuzunguka mbuyu. Jicho la kushoto tumechelewa, alisema. La kulia bado linaokoleka, tukilitibu leo.

 Wifi aligeukia kwangu. "Wifi, si alikuwa ananenepa?"

 Nilikuwa na hasira tu, na nyingi nilimwekea mama, ambaye wakati huo alikuwa nyumbani anampikia wifi uji.

Jicho la kulia liliokoka. Tuliambiwa turudi kliniki kila tunapoitwa, na safari hii hakuna aliyebisha. Miezi ikapita, Bonge akaanza kukodolea watu macho. Mama alikuwa amekonda kwa majuto. Alimwimbia mjukuu akiwa mlangoni, hamkaribii. Nami hasira zilikuwa hazijaniisha, sikumkaribisha.

Jioni moja akajipa moyo. Alimwinamia kitandani, akamchezeshea vidole, kimya kabisa, apate kujua kama anamwona. Bonge alibaki anatazama ukuta. Mama akarudisha mkono kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Hanioni," alisema. "Nimempofua mtoto wa watu."

Wifi akaacha cherehani. Alimshika mama mabega, akamtoa pale taratibu, akamzungusha mpaka upande wa pili wa kitanda.

"Simama hapa, mama," alimwambia. "Huku anakuona."