Jino la Mama

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tano wa sekondari hapa Uvira, na tabia zangu mbaya nazijua kuliko prefe wetu, mkuu wa shule, anavyozijua. Naamka kwa kusukumwa. Nasoma nimelala kifudifudi, daftari sakafuni, mpaka shingo inakakamaa. Chai naipenda kupita kiasi. Lakini ile iliyonifikisha kwa muuguzi sikuwa nimeihesabu kuwa tabia mbaya. Niliihesabu kuwa kipaji.

Nilikuwa natafuna mchele mbichi.

Mama anauza mchele soko la Kimanga, kwenye meza iliyofunikwa turubai la bluu. Mchele wenyewe unatoka Luberizi. Kila Jumamosi wanawake wa huko wanashusha magunia mlangoni kwetu, na mama anachagua atakayonunua. Wauzaji wa huku hawanunui mchele kwa macho. Mtu anazamisha mkono hadi katikati ya gunia, anachota kidogo, anatafuna. Wa mavuno mapya una utamu wa mbali, kama maziwa. Wa zamani ni mgumu, hauna ladha. Wapo wanaochanganya hizo aina mbili, na mchanganyiko huo ukipikwa punje nyingine zinapasuka wakati nyingine bado zina moyo mgumu. Mteja akila wali wa namna hiyo, harudi.

Mama aliijua kazi hiyo tangu usichana wake. Kisha magego yakaanza kumtesa, yakang'olewa upande huu na upande ule. Nilikuwa bado shule ya msingi aliponitia punje mdomoni mbele ya muuzaji na kuniangalia.

"Ya zamani iko ndani," nilisema.

Muuzaji alicheka. Halafu akaacha kucheka, akafunga gunia lake. Tangu siku hiyo mama ananiita Jino.

Sijui kama kuna cheo kilichowahi kunifurahisha zaidi. Kaka zangu walibeba magunia, wakatoka jasho, lakini neno la mwisho lilikuwa langu. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mama, miguu nimekunja, nikatafuna kwa madaha huku watu wazima wakinisubiri. Nilikuwa na maringo, siwezi kukataa.

Shida ni kwamba mdomo wangu haukujua kutofautisha Jumamosi na Jumanne. Mfuko wa sketi yangu ya shule haukukosa mchele. Nilitafuna kwenye somo la historia, nilitafuna nikienda kuteka maji, nilitafuna nikisali. Rafiki yangu wa dawati moja aliniuliza kama nyumbani kwetu tunafuga panya, maana mmoja amenifuata darasani. Na chakula cha kweli kikawa kinanichosha. Sahani ya mboga za lengalenga niliisukumia kwa mdogo wangu, nikabaki na chai yangu.

Mwaka huu mwanzoni nikaanza kuhema nikipanda njia ya shule, njia ambayo zamani niliikimbia. Kwenye mazoezi ya viungo nikawa wa mwisho. Hesabu nilizozijua zikawa zinanitoroka katikati ya ubao. Nilisema ni joto. Hapa kwetu ziwa liko karibu lakini joto halina aibu, kwa hiyo hakuna aliyebisha.

Asubuhi moja tukiwa tumepanga mistari mbele ya bendera, tukiimba, nilianguka.

Nilipofumbua macho, kitu cha kwanza nilichosikia ni sauti ya msichana wa mwaka wa sita akimnong'oneza mwenzake, "Huyu iko na mimba." Nilikasirika kabla hata sijajua niko wapi. Nilitaka kuinuka nimjibu, walimu wakanilaza tena. Wakamwita mama, akaja mbio na unga wa mchele bado mikononi, akanichukua hadi kituo cha afya.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mtulivu, aliyekulia Lemera, na aliongea taratibu kama mtu asiye na foleni mlangoni. Alivuta chini kope za macho yangu, akaangalia viganja vyangu, akanitoa damu kidogo ya kupima. Majibu yalipotoka, akauliza, "Weye unakula nini yenye haiko chakula? Udongo?"

"Hapana udongo," mama alidakia, tena kwa fahari. "Anatafunaka muchele tu. Ile haiko tabia mubaya, ile iko kazi yake."

Muuguzi hakucheka. Alieleza kwamba damu yangu imepungua, na mwili uliopungukiwa damu mara nyingi huingiwa na hamu ya vitu kama hivyo. Mchele mbichi unanijaza tumbo bila kunipa ninachokosa, nami naacha mboga na maharage. Alinipa vidonge, akaniambia nisivimeze pamoja na chai, maana chai inazuia dawa isifanye kazi. Chai yangu! Halafu akamgeukia mama.

"Mama, huyu asitafune tena. Hata Jumamosi."

Njiani mama alinishika mkono. Mimi nilikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya ugonjwa. Niliwaza, nisipotafuna, mama atanihitaji kwa lipi? Kubeba magunia siwezi. Nitakuwa mtoto wa kawaida wa nyumbani, wa kutumwa chumvi.

Jumamosi ilifika. Mwanamke wa Luberizi akafungua gunia, mama akachota, na mkono wake kwa mazoea ukaja moja kwa moja mdomoni kwangu. Ukasimama hapo. Nilisikia harufu ya punje zile, mate yakanijaa.

"Lete, mama, nitatafuna kisha nitatema," nikamwambia.

"Hapana."

Akajitia punje mdomoni mwake mwenyewe. Akazisukuma huku na kule kwa ufizi, shavu likivimba, machozi yakimlengalenga kwa maumivu, na hakuambulia kitu. Akanunua kwa kubahatisha. Wiki hiyo wateja walirudi kulalamika: wali una mawe ya mchele, wali umeiva nusu. Mama aliwaomba msamaha mmoja mmoja. Mimi hakunitazama kwa lawama hata mara moja, na hilo liliniuma kuliko kama angenipiga.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta ameweka jiko la mbabula mlangoni, makaa yamewaka, na sufuria ndogo juu yake. Akachota mchele wa muuzaji, akauosha, akaupika.

"Mama, minye niko na haraka," muuzaji akalalamika. "Gari inaniacha."

"Basi kaa. Utakula."

Majirani walicheka sana. Nani amewahi kuona mtu akinunua gunia kwa sufuria? Lakini mama ana kichwa kigumu, na mimi nimekirithi. Akatenga ndagala za kukaanga, samaki wadogo wa ziwani, na lengalenga pembeni, na muuzaji akakaa; wali ulipoiva, kijiko cha kwanza kikaja mdomoni kwangu. Siku hizi wauzaji wenyewe wanapanga safari wafike wakati makaa yamekolea. Ninasoma kemia kwenye kigoda changu wakati maji yanachemka, na lengalenga naimaliza yote, nikiangaliwa.

Damu imepanda, muuguzi amefurahi, ingawa vidonge bado navimeza. Njia ya shule naipanda nikiongea. Yule msichana wa mwaka wa sita nilimpita kwenye mbio za mazoezi, nikageuka kumwangalia makusudi. Na hamu ile imeondoka, sikujua hata siku yenyewe. Niliingiza mkono mfukoni nikakuta kalamu tu.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na magunia mapya. Mama alifunua sufuria, mvuke ukampiga usoni, akapuliza kijiko cha kwanza na kuniletea mdomoni, kama kawaida. Muuzaji akanitazama. Kaka zangu wakasimama. Nilikuwa natafuna nilipomtazama mama, na ndipo kilipoingia akilini kitu ambacho wiki zote hizo sikukiwaza. Wali ni laini. Wali hauhitaji magego. Tangu aliposimamisha ile sufuria juu ya makaa, mama angeweza kuonja mwenyewe.

 Nilimpenda sana, nikatafuna kwa madaha kama zamani.

"Ee, Jino?" akauliza, kijiko bado mkononi. "Iko namna gani?"

"Iko mupya, mama," nikasema. "Nunua."

Akanunua.