Wiki Yangu, Wiki ya Wifi

Mimi ni mwoga. Nasema hivyo mapema ili msomaji asinitafutie sababu nyingine huko mbele. Wengine wanaogopa nyoka, wengine wachawi. Mimi naogopa habari. Simu ikiita asubuhi mno naiacha iite mpaka ichoke yenyewe. Na habari iliyonitisha kuliko zote maishani mwangu ilikuwa habari njema, kwamba serikali imepandisha kima cha chini cha mshahara.

Tuliisikia redioni tukiwa kazini, katika kiwanda kidogo cha kukamua alizeti pale Singida mjini. Tajiri wetu alikuwa na mashine mbili zenye kelele za mashine kumi. Wanawake tulikuwa tisa. Tulichekecha mbegu kutoa mawe na vijiti kabla hazijaingia kukamuliwa, na mchana tulishona magunia ya mashudu ya kuwauzia wafugaji. Jioni ukijifuta uso, kitambaa kilibaki cheusi. Siku ile redio ilipotangaza, wenzangu walipiga vigelegele, mmoja akacheza na chekeche kichwani. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa pale kabla yetu sote, hakuinua hata uso.

"Haya, shangilieni," alisema. "Tajiri naye anayo redio."

Nilijua ameongea kweli, na nilijua mimi nina sababu ya kuogopa kuliko wengine, maana kazi yangu haikuwa yangu peke yangu.

Kaka yangu alifariki kwa ugonjwa wa siku nne, akaacha mke na watoto watatu. Baada ya mazishi ukoo ulikaa kitako kijijini kwetu Mungaa. Kwetu msiba hauishi kwa kulia tu. Kila ndugu anasema mbele ya watu atabeba nini. Baba mdogo alisema atatoa mtama kila mavuno. Mwingine akatoa ng'ombe wa kukamua, si wa kuuza. Zamu ikanifikia mimi, shangazi wa watoto. Ng'ombe sina, shamba sina, mume aliniacha zamani akaenda zake. Nikasema, "Mimi natoa nusu ya kazi yangu."

Baba mdogo akaniangalia. "Kazi ni mbuzi, mwanangu, mpaka uikate nusu?"

Watu wakacheka pale pale msibani, hata mjane mwenyewe akacheka na machozi yake. Lakini niliikata kweli. Wifi alihamia mjini, nyumba ya tatu kutoka kwangu, tukaanza kupokezana: wiki hii naenda mimi, wiki ijayo anaenda yeye, na kila mtu anakula alichokichuma. Msimamizi wa kiwanda hakuwa na neno, kwake ilikuwa mradi chekeche linatikisika. Ila kwenye orodha ya kila asubuhi jina lilikuwa moja, langu. Kwa hiyo wiki yake jina langu likisomwa, aliitikia yeye. Tulikaa hivyo miaka mitatu. Mawifi hutaniana, na huo ndio ulikuwa utani wetu mkubwa. Nikimkuta amenuna nilimwambia asiniharibie jina mjini, na yeye akinikuta nimechelewa kuamka alisema jina lake leo limelala.

Wiki tatu baada ya lile tangazo, tajiri alituita wote uwanjani. Hakuwa mtu mbaya, na ningependa angekuwa mbaya, ningepata wa kumlaumu. Alisema mshahara mpya atalipa, sheria ni sheria, lakini hawezi kuwalipa watu tisa. Ameagiza chekeche la umeme. Atabaki na wanawake watano, wenye mikataba, bima na likizo. Jumatatu mhasibu atasoma majina matano mbele ya afisa kazi. Jina litakalosomwa mwenyewe akiwa hayupo litakatwa, achukuliwe mwingine. Vitambulisho vya taifa vitafuata baadaye, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa na namba tu, kadi zenyewe bado.

Hiyo ilikuwa wiki yangu. Ijumaa jioni msimamizi alinivuta pembeni nyuma ya magunia.

"Jina lako limo," aliniambia. "Ila wewe na wifi yako mmalizane wenyewe. Mkataba haugawanywi."

Nilirudi nyumbani. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikuwa nahesabu siku: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, na Jumatatu ni wiki ya wifi. Yeye ndiye atakayekuwa pale jina likisomwa. Mhasibu ametoka Dodoma, hajui sura ya yeyote. Wifi ameitikia jina langu miaka mitatu, analiitikia vizuri kuliko mimi. Ana watoto watatu, na mimi sina. Ana mikono yenye nguvu, na mimi kifua kimeanza kunibana kwa lile vumbi. Nilijiuliza, ningekuwa yeye ningefanyaje? Jibu nililojipa ndilo lililonitisha.

Ningeweza kwenda nyumba ya tatu nikamwambia, wifi, tukae tuongee. Hatua arobaini tu. Lakini niliogopa angeniomba niiache kazi. Niliogopa zaidi kwamba angeniomba kwa haki, na ningekosa la kujibu, maana nilitoa nusu ile mbele ya ukoo mzima, na aliyetoa msibani harudi kuchukua. Jumamosi nikafanya kitu ambacho mtu mzima mwenye akili hafanyi. Nikaugua. Nilijifunika mablanketi mawili mchana wa jua, nikamwambia mtoto wa jirani awaambie watu kwamba shangazi ana malaria.

Wifi alikuja Jumapili akitoka kanisani, ameshika chupa ya uji wa ulezi. Aliniwekea mkono kwenye paji la uso. Na kweli nilikuwa na moto, nani asingekuwa nao chini ya mablanketi mawili?

"Umeugua sana," alisema. "Umeenda kupima?"

"Kesho."

"Kesho hapana, wewe lala. Kesho ni wiki yangu, nitaenda mimi. Usihangaike."

Akanipa uji, akafagia chumba, akaondoka. Mimi nikabaki na lile neno lake, usihangaike. Niliona mtu anayetaka nibaki kitandani. Kwa nini kapika uji leo? Kwa nini kafagia? Kila wema aliokuwa amenifanyia tangu aolewe kwetu niliutoa mmoja mmoja nikaukagua, na kila mmoja ukaonekana una kitu nyuma yake. Naandika haya nikiona aibu. Akili ingeniambia kwamba kitambulisho kitadaiwa tu siku moja, na uongo utajulikana. Lakini hofu haisubiri akili imalize kusema.

Jumatatu nilisikia mlango wake ukifungwa na hatua zake zikipita mbele ya nyumba yangu. Zilipunguza mwendo kidogo hapo mlangoni, kisha zikaendelea. Nilibaki kitandani nikishindana na nafsi yangu, mara niende, mara nimwachie ale na watoto wa kaka yangu. Halafu nikaruka. Nilikimbia na kandambili moja, nyingine ilikatika karibu na mashine ya kusaga nikaiacha hapohapo. Upepo wa Singida wa asubuhi ulinipuliza kifuani na mimi nakohoa nakimbia, mgonjwa wa malaria.

Nilifika getini wakiwa wamekwisha kusoma jina la kwanza. Mhasibu alisimama na karatasi, afisa kazi, mama mwenye miwani, amekaa kwenye kiti pembeni yake. Wanawake wamejipanga. Wifi alikuwa mbele kabisa, amevaa gauni lake la kanisani. Gauni la kanisani, kuchekecha alizeti! Hapo nikaona nimepata ushahidi wote.

Mhasibu akasoma jina langu.

"Abee!" wifi akaitikia.

"Mwizi!" Sauti ilinitoka sikuijua kama ni yangu. "Huyo siye! Jina ni langu! Ananiibia kazi huyo, ananiibia!"

Kila mtu aligeuka. Mashine zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya wageni, kila neno lilisikika. Wifi naye akageuka. Aliniangalia uso, akashuka mpaka miguuni, ule mmoja usio na kiatu.

"Umepona?" aliniuliza.

Hakuniuliza kwa kejeli. Alitaka kujua kama nimepona.

Afisa kazi aliinuka. "Mama, wewe ni nani hasa?"

"Mimi ni wifi yake," alijibu. "Mwenye jina ni yule pale. Alikuwa anaumwa, na walisema asiyekuwepo anakatwa. Nimekuja kumshikia nafasi. Nilikuwa niitikie, halafu nije kwako nikuombe aje kusaini akipata nafuu. Ndiyo maana nimevaa hivi, nisionekane nakuja kwa mzaha."

Afisa aliandika kitu. Akamuuliza msimamizi kama anamfahamu huyu mama, na msimamizi, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akimwita kwa jina langu, akasema hajawahi kumwona. Hakuna aliyefungua mdomo, nami sikufungua. Nilikuwa na nafasi ya kusema kwamba nusu ya magunia yaliyoshonwa pale kwa jina langu ameyashona yeye. Niliogopa mkataba usije ukaharibika. Wifi aliambiwa asiyehusika atoke nje ya geti, akatoka. Aliponipita alinisogezea ile sindano kubwa ya kushonea magunia, tuliyokuwa tukipokezana, akaniwekea kiganjani upande ulio butu ili isinichome.

Nikasaini. Nililikosea jina langu mwenyewe, mhasibu akanipa karatasi nyingine.

Wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwangu hakikwenda kicheko. Kweli mshahara ulikuwa mzuri, nisiwe mnafiki. Kwa mara ya kwanza nilikwenda hospitali na kadi ya bima, wakaniuliza jina kwa adabu. Lakini watano tulifanya kazi ya watu tisa. Lile chekeche la umeme liliharibika mara kwa mara, na likiharibika tulichekecha kwa mikono huku tukiangalia saa, na tajiri akipita kila mmoja aliinamisha kichwa. Tuliokuwa tukiimba pale hatukuimba tena. Yule mama mtu mzima hakuwamo kwenye watano. Wifi alipata kibarua cha kufungasha vitunguu sokoni, analipwa kwa gunia. Huko hakuna mhasibu wala afisa, na ile sheria iliyoninyanyua mimi haikufika mpaka kwenye vitunguu.

Mshahara wa kwanza ulipotoka nilinunua mfuko wa unga wa kilo ishirini na tano. Nusu ya pesa iliyobaki niliifunga kwenye pindo la kanga. Nilikaa nayo siku tatu nikiogopa zile hatua arobaini. Siku ya nne, Jumapili mchana, nilijitwisha mfuko nikaenda.

Lazima niseme kwamba mimi na wifi hatukuwahi kusemeshana Kiswahili. Kiswahili ni cha kiwandani na sokoni. Nyumbani ni Kinyaturu, hata tukigombana. Yote aliyoniambia niliyoyaandika hapa, ukiacha ya getini aliyomjibu afisa, aliyasema kwa Kinyaturu, hata lile "umepona".

Nilipiga hodi kwa Kinyaturu. Alitoka, akaniona.

"Karibu, mama," alisema kwa Kiswahili. "Kiti hicho hapo."

Nilidhani ni kwa sababu ya jirani aliyekuwa anaanika nguo. Nikaendelea kwa lugha yetu. Nikamwambia huu ni unga wa watoto, na hii ni nusu yako, kama nilivyotamka msibani.

"Msibani ulinipa kazi," alijibu, Kiswahili vilevile, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya stendi. "Hii ni sadaka. Watoto wanakula, mama. Asante."

"Wifi, nilikosea. Niliogopa."

"Najua uliogopa. Ungeniambia unaitaka yote, ningekuachia, ilikuwa yako toka mwanzo. Ningelia kidogo, ningekuachia. Lakini hukuogopa tajiri, hukuogopa serikali. Uliniogopa mimi na hawa watoto wa kaka yako."

Watoto walikuwa wamesimama mlangoni, watatu, wakiniangalia. Mdogo alitaka kunijia, mkubwa akamshika bega.

Nilizifunga pesa tena kwenye pindo la kanga. Niliinama kuuchukua mfuko, mikono ikakataa, mara moja, mara mbili. Wifi akainama, akaunyanyua yeye, akanitwisha kichwani, akahakikisha umekaa sawa. Kisha akanisindikiza mpaka mwisho wa uwanja, kama wanavyosindikizwa wageni.