Mzee wa Lusangi Niliyempima kwa Mkono Wangu

Kabla hujacheka, njoo kwanza Wamaza, uulize nyumba ya fundi mbao, nikuonyeshe mkono wenyewe. Haya sikusimuliwa na mtu, wala sikuwa nimelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa nawatukana wanaosimulia mambo ya namna hii. Nilikuwa nawaambia wakalime. Sasa ni zamu yangu kuchekwa. Cheka basi, lakini sikiliza.

Kazi yangu ni vitanda, milango na viti, na mtu akifa natengeneza sanduku lake. Kwetu sanduku halipimwi kwa mita. Mita iliyogusa maiti itarudi vipi kupima kitanda cha bibi harusi? Nani atakubali kulala juu yake? Familia ya marehemu inakata tete la mtoni, inalilinganisha na mwili, inaniletea. Mimi nafuata urefu wa tete. Kazi ikiisha, tete linawekwa ndani ya sanduku na kuzikwa pamoja na mwenyewe, kwa sababu kipimo cha marehemu hakibaki duniani. Hilo kila fundi analijua, hata yule asiyejua kushika randa.

Jioni moja, mvua ilikuwa imetoka kukatika na jua lilikuwa bado lipo, akaja mzee mmoja mwembamba. Alivaa shati la kijani lisilo na vifungo. Sikumfahamu.

"Fundi, nimekuya sababu ya sanduku," akasema. "Watakuya kuikamata kesho asubui."

"Pole, muzee. Kipimo iko wapi?"

"Sikuleta. Ule mwenye kufa tuko naye urefu moja. Pima mimi."

Nikamwambia asubiri nikakate tete mtoni. Akakataa. Alisema mto umejaa, giza linakuja, na yeye anatoka mbali, Lusangi. "Uko na mukono," akasema. "Pima na mukono."

Wewe ungefanya nini? Mzee ana msiba, umbishie? Nikamsimamisha ukutani, nikaanza kumpima kutoka kisigino hadi utosini, kiwiko na vidole, kiwiko na vidole. Mgongo wake ulikuwa baridi, laini kidogo, kama muhogo uliolowekwa siku nyingi. Nikasema moyoni, mzee wa watu amelowa mvua. Nilipomaliza akanigeukia, akauangalia mkono wangu wa kulia kwa muda mrefu, akatabasamu. Kisha akashika njia. Nikafanya kazi mpaka sanduku likaisha.

Asubuhi wakaja vijana wawili, na mikononi wameshika tete.

"Fundi, papa yetu amekufa jana asubui. Tunaomba sanduku."

Nikawaonyesha sanduku limesimama ukutani. Nikawaambia baba yao mdogo, au sijui nani wao, alikuja jana jioni kuliagiza. Wakatazamana. "Papa hakukuwa na ndugu," mkubwa akasema. Nikamweleza lile shati la kijani. Akatoa simu, akatafuta picha, akanipa.

Alikuwa yeye, na shati ni lile lile. Niamini, nilikaa chini kwenye takataka za mbao. Jana jioni mtu huyo alikuwa amelazwa kwenye mkeka nyumbani kwake, watu wanamlilia, na wakati huohuo mimi nampima mgongo!

Wakalipima sanduku kwa tete lao. Likalingana bila kupungua hata ukucha. Waliogopa, hata mimi niliogopa, na katika kuogopa huko wakalibeba haraka, tete wakalitupa pale uani. Hakuna aliyekumbuka kwamba kipimo lazima kizikwe, wala kwamba kipimo cha sanduku lile kilikuwa mkono wangu.

Usiku huo mkono wa kulia ukaanza. Sikudanganyi, haya hayakuwa maumivu ya kazi. Ya kazi nayajua, nimechana mbao tangu ujana. Haya yalianzia kwenye kiwiko, yakashuka mpaka vidoleni, kama mtu amekushika na hataki kuachia. Mkono ukawa baridi. Kwenye kituo cha afya wakanipa vidonge na sindano. Nikachuliwa na mafuta ya mawese, nikafungwa majani, nikaombewa. Hakuna kitu. Msumeno ukanishinda, hata kijiko kikawa kinaanguka. Watoto wangu wanakula kwa mkono huu, unanielewa? Fundi wa mkono mmoja anampigia nani randa?

Dada yangu mkubwa, ambaye namwita Yaya, akanipandisha pikipiki mpaka hospitali moja ya Kasongo. Munganga, yaani daktari wetu, akanipima damu. Nzima. Akanituma kupigwa picha ya mifupa. Mama aliyekuwa akipiga picha akanilaza, akaupanga mkono wangu, akatoka nje ya chumba na kuufunga mlango. Aliporudi alikuwa amekasirika.

"Nimesema mutu mungine asiingie! Ule muzee ametoka wapi?"

"Muzee gani, mama?"

"Ule wa shati ya kijani. Alikuwa amekushika pa kiwiko."

Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja tu, na nje ya mlango alikaa Yaya. Hakumwona mtu akiingia wala akitoka. Yule mama akatafuta chini ya kitanda, akatafuta nyuma ya pazia, hakuna mtu. Picha yenyewe ilitoka safi. Munganga akasema mifupa ni mizima, hajui ugonjwa ni nini, lakini vidole vimeanza kuwa vyeusi, na vikiendelea hivyo itabidi wakate.

Wakate! Nikalia mbele ya watu kama mtoto.

Yaya akanivuta pembeni. Mficha uchi hazai, nikamweleza yote. Akajishika kichwa.

"Ulipima mufu na mukono yako? Basi kipimo ni mukono. Anaikamata sababu ni yake. Twende Lusangi."

Tulifika mchana. Mjane wa yule mzee alitupokea vizuri, akalia, akatupeleka kaburini na wanawe. Yaya akakata tete sawa na mkono wangu, kutoka bega hadi kidole cha kati, akalichomeka upande wa kichwa, akasema, "Papa, kipimo yako ni hii. Achilia mutoto ya watu." Hapo hapo, mbele ya macho yao, nilisikia kiwiko kikiachiliwa. Joto likarudi vidoleni. Nikaukunja mkono, nikaukunjua, nikacheka peke yangu. Nilifurahi kuliko siku niliyooa.

Tukarudi nyumbani kwa mjane, akatuletea ugali na sombe, yale majani ya muhogo. Nikiwa nangojea maji ya kunawa, nikaona amesimama katikati ya chumba. Sahani ikamtoka. Alikuwa anaangalia goti langu. Nami nikaangalia.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa unazunguka juu ya goti, polepole, duara kwa duara, na kila mara kidole gumba kinagonga, halafu unazunguka tena. Sikuutuma. Nilijaribu kuusimamisha, haukusimama.

"Ile ni mukono ya bwana yangu," mjane akasema. "Ni vile alikuwa anaosha muchanga mu karai. Alitafuta zahabu mu mito maisha yake yote. Ni vile vile alikuwa anagonga."

Wanawe wakainuka wakatoka nje. Hata chakula hatukula.

Leo nafanya kazi, nachana mbao moja kwa moja, maumivu hayajarudi tena. Wateja wanasema napiga randa vizuri kuliko zamani. Lakini nikilala, mkono unaanza kuzunguka juu ya mkeka mpaka alfajiri, na mke wangu amehamia chumba cha watoto. Mtoto wangu mdogo hakubali mkono huo umguse. Yule mjane hunitumia salamu kila wakati, si mimi anayenisalimia, anausalimia mkono.

Kwa hiyo wewe fundi, wewe mshonaji, wewe yeyote unayepima watu, usikubali kutoa kiungo chako kiwe kipimo, hata mgeni akikusihi kwa machozi. Mwache angoje. Mimi nikifa leo sijui watazika mkono wa nani, na wangu, niliozaliwa nao, tuliuacha chini ya udongo Lusangi pamoja na lile tete.