Nilitafsiri Mpaka Salamu ya Baba Mkubwa

Admin, naomba ufiche jina langu na la kijiji. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi. Nimeshaliandika mara nyingi, nikisikia mtu anakuja nalifuta.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, natokea nje kidogo ya Bariadi. Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kwenda cha tano. Naishi kwa baba mkubwa, maana baba alifariki nikiwa mdogo na yeye ndiye amenisomesha. Shule ya msingi nilisoma ya Kiingereza, sekondari Kiswahili na Kiingereza, nyumbani tunaongea Kisukuma. Lugha ninazo, ila mdomo sina. Wageni wakija nakimbilia jikoni.

Mwezi wa tano nikaanza kujitolea kuchapa barua kwenye ofisi moja ya serikali. Kuna afisa pale, si mwenyeji, Kisukuma hajui hata salamu. Siku moja akaniita, akanipa spika za masikioni. "Binti, nasikia wewe Kiingereza chako kizuri. Nitafsirie hizi sauti. Tunataka kujua kero za wananchi."

Zilikuwa sauti za kundi la WhatsApp la wakulima wa pamba wa kwetu. Alizipataje, mpaka leo sijui. Hazikuwa na namba wala majina. Wakulima walikuwa wanalalamikia mizani ya kwenye ghala, kwamba wanapimiwa ndani mlango umefungwa. Waliomba kufanya mkutano wakanyimwa kibali, ndiyo wakahamia kwenye simu. Na walikubaliana kabisa: tuongee Kisukuma, na mtu asitaje jina.

Jamani, niseme ukweli, nilifurahi. Hakuna mkubwa aliyewahi kuniambia nina faida. Niliandika kurasa kwa mkono, Kiswahili upande huu, Kiingereza upande ule. Afisa akasoma akasema, "Safi sana. Ila usiruke kitu. Neno kwa neno, hata salamu."

Sasa kwetu mzee hawezi kuanza jambo bila kusalimia, na akisalimia anasema yeye ni mtoto wa nani na anatokea wapi. Sauti ya tano ikaanza kwa kikohozi. Kabla hakijaisha nilishajua ni nani. "Mwangaluka bhabha, mwangaluka mayu. Ni mimi ng'wana Shija, wa huku bondeni karibu na lambo. Kama tulivyokubaliana, majina tusitaje." Halafu akasema, "Tusipeleke pamba mpaka mizani ipimwe mbele yetu. Na mtu asiguse mali ya mtu, tusigombane na mtu."

Ningeweza kuruka ile salamu. Afisa asingejua. Ila nikaogopa labda ataona nimeruka, nikaandika yote. Ng'wana Shija, yaani mtoto wa Shija, bondeni, lambo.

Siku ya tatu walimchukua baba mkubwa akiwa ghalani, mchana, watu wanaangalia. Alikaa ndani siku nne. Jioni ya kwanza tuliwasha redio ya huku kwetu. Mtangazaji akasema wakulima wameridhika na mizani, isipokuwa wachochezi wachache, na mmoja amenukuliwa akisema "tusipeleke pamba." Yalikuwa maneno yangu, nilivyoyapanga mimi. La mizani kupimwa wamelikata, na la mtu asiguse mali ya mtu wamelikata. Hakuna mkulima hata mmoja aliyehojiwa. Mama mkubwa akazima redio, mimi nikakimbilia jikoni.

Baba mkubwa alirudi bila simu, anaburuta mguu wa kushoto, ukimuuliza anasema alijikwaa. Mama mkubwa akajaribu kumchangamsha: "Mtu anasalimia mpaka ng'ombe kwenye simu, halafu anashangaa amejulikanaje!" Wakacheka wote. Halafu baba mkubwa akasema, "Lakini wale watu Kisukuma hawajui. Kuna mwenzetu aliyewatafsiria."

Watu kijijini wakamshuku Mama Neema, mjane mwenye kibanda cha kuchaji simu, kwa sababu simu za wanaume wote zinalala kwake. Sasa hivi hakuna anayempelekea simu. Kwetu mtu akitengwa hasalimiwi, haazimwi jembe, haingii kwenye msiba wa mtu. Juzi alipita mbele ya nyumba yetu akasema "mwangaluka" mara mbili. Mama mkubwa aliendelea kupepeta mchele. Na mimi sikuitikia.

Kesho ni kikao cha kumtenga rasmi. Baba mkubwa ameniomba niandike barua ya uamuzi. "Wewe ndiye mwenye mwandiko mzuri," kaniambia. Na leo asubuhi yule afisa amenitumia ujumbe: "Kuna sauti mpya, njoo. Kumbuka zile kurasa zote zina mwandiko wako."

Nikisema, mama huyu atapona, ila kutengwa kutahamia kwangu, na huenda na shule ndiyo basi. Kinachoniuma zaidi ni baba mkubwa kujua mguu wake umeharibiwa na mtoto aliyemlea. Nikinyamaza, kesho naandika jina la mtu asiye na kosa, halafu narudi kule ofisini kuvaa zile spika.

Nyie mliopitia makubwa, niambieni, naanzia wapi kumwambia? Nishaurini, nifanye nini, na msichelewe maana kikao ni kesho.

Nasikia kandambili uani, moja inakanyaga, moja inaburutwa. Ndiye yeye, anakuja kuulizia barua. Ameshakohoa, anasalimia akiwa nje ya mlango kama kawaida yake. Siku zote hapa ndipo ninapofuta.

Leo natuma, na simu naiacha mezani ikiwa wazi. Kiswahili anasoma, polepole, lakini anasoma.